Kuku aliyeponea mdomoni mwa nguchiro, paka au mwewe: soma dalili, tafuta chanzo, tibu

Kuku akiokolewa mdomoni mwa mnyama, macho ya mwenyewe hukimbilia jeraha kubwa: ngozi ya mgongo iliyochanika, nyama nyekundu iliyo wazi. Jeraha hilo linaogofya, lakini mara nyingi silo linaloua. Ngozi iliyochanika hata upana wa kiganja hujifunga yenyewe ikitunzwa safi. Kinachoua ni mshtuko wa usiku wa kwanza, au vitundu vidogo vya meno ambavyo hakuna aliyeviona kwa sababu vilifunikwa na manyoya. Kwa hiyo usianze na dawa. Anza na kumtazama kuku mzima.

Saa ya kwanza, dalili ziwe zipi

Mtoe katikati ya wenzake mara moja. Kuku huvutwa na rangi nyekundu, na kidonda kibichi kitadonolewa hadi kiwe shimo. Mweke kwenye boksi au tenga lililofunikwa kitambaa, mahali pakavu, penye giza na kimya. Kama anavuja damu, izuie kwanza. Kama havuji, mwache atulie nusu saa kabla ya kumshika tena, kwani kushikwashikwa kunaongeza mshtuko.

Vaa glavu, au mifuko ya plastiki mikononi ukikosa glavu. Mate ya mbwa, nguchiro au kicheche yaliyo bado mabichi kwenye manyoya yanaweza kuwa na virusi vya kichaa cha mbwa. Kama mnyama mwenyewe alikung'ata au kukukwaruza ulipokuwa unamnyang'anya kuku, osha jeraha lako kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kuku atasubiri. Nguchiro au kicheche anayeingia uani mchana kweupe bila kuogopa watu aripotiwe ofisi ya mifugo, hata kama hakumng'ata mtu.

Andaa vitu hivi: maji ya chumvi, bomba la sindano la ml 10 au 20 bila sindano, shashi au kitambaa safi kilichochemshwa, mkasi, kibanio, na iodini ya povidoni ya asilimia 10, ile ya kahawia inayouzwa duka la dawa. Maji ya chumvi ni kijiko 1 cha chai kilichosawazishwa, takriban gramu 5, ndani ya nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa hadi yawe vuguvugu. Chumvi ikizidi hapo inaunguza nyama mpya. Iodini usiitumie ilivyo: changanya ml 10 kwa ml 90 za maji safi, rangi iwe kama ya chai hafifu.

Sasa mkague. Lowesha vidole, tenganisha manyoya kidogo kidogo: kichwa, shingo, chini ya kila bawa, mgongo, kidari, tumbo, kuzunguka njia ya haja, mapaja. Vitundu vya meno huja viwiliviwili, kwa hiyo ukipata kimoja tafuta mwenzake. Punguza manyoya kwa mkasi kuzunguka jeraha, upana wa vidole viwili. Usiyang'oe, maana ngozi ya kuku ni nyembamba na itachanika zaidi.

Ukijua aliyeshambulia utajua pa kutafuta. Mwewe na kipanga huacha matundu ya kucha mgongoni na ubavuni, tena mchana. Nguchiro na kicheche hulenga kichwa na shingo. Paka huacha vitundu vidogo vyenye kina. Mbwa huuma na kutikisa, kwa hiyo ngozi huachana na nyama na mifupa huvunjika hata pasipo tundu. Panya hutafuna vidole na miguu ya kuku anayeatamia, usiku, naye hainuki kwenye mayai.

Amelala, kishungi kimepauka, miguu ni ya baridi

Huo ni mshtuko, pengine pamoja na kupoteza damu. Joto la kawaida la mwili wa kuku ni karibu nyuzi 41, hivyo miguu ikiwa ya baridi mkononi mwako, mwili unashindwa kujipasha. Kwenye boksi panatakiwa pawe na joto la nyuzi 27 hadi 30. Chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kanga inatosha, ila iweke upande mmoja tu ili kuku aweze kusogea mbali nayo.

Mpe maji yenye sukari, kijiko 1 cha chai kwa glasi ya ml 250, au ORS iliyochanganywa kama pakiti inavyosema. Dondoshea pembeni ya mdomo, tone moja moja, umwachie ameze mwenyewe. Kamwe usimimine kooni. Tundu la njia ya hewa la kuku liko palepale nyuma ya ulimi, na kuku aliyezimia hawezi kulifunga. Baadhi ya waliosemekana wamekufa kwa majeraha walizamishwa na maji ya kunyweshwa.

Chakula kisubiri hadi asimame. Kisha mpe chakula laini cha vifaranga kilicholoweshwa, au yai lililochemshwa na kupondwa. Akikaa saa 24 bila kula atatoa kinyesi cha kijani. Hiyo ni nyongo tu ya tumbo tupu.

Damu haikomi

Kuku wa kilo 1.5 ana damu ya takriban ml 100 mwilini. Vijiko viwili vya mezani vikimwagika, karibu theluthi imekwenda. Kandamiza kwa shashi dakika 5 kamili bila kufunua. Kosa la kawaida ni kuchungulia kila nusu dakika, na kila ukichungulia unang'oa damu iliyoanza kuganda.

Damu ikitoka kwenye ukucha, mdomo au kishungi, unga laini wa mahindi uliobanwa hapo kwa kidole unasaidia kugandisha. Unga usiutie kwenye jeraha lenye kina, kwa sababu utabaki ndani na kuoza. Ikitoka kwenye shina la unyoya mpya uliovunjika, lile lenye damu ndani, kandamiza shina hilo kwanza. Likiendelea kuvuja, shika kwa koleo karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja kufuata lilivyoota, kisha kandamiza tena.

Jeraha ni dogo, lakini siku ya pili amezubaa na hataki kula

Mfikirie paka kwanza. Mdomoni mwa paka mna bakteria aina ya Pasteurella ambao, wakiingizwa chini ya ngozi na jino jembamba, husambaa kwenye damu ndani ya siku moja au mbili. Tundu la juu hujifunga haraka, na ndani kunaanza kuoza. Kuku aliyeumwa na paka anahitaji antibiotiki siku ileile, hata akiwa anatembea na kudonoa. Usingoje dalili.

Aina na kipimo viulizwe kwa mtaalamu wa mifugo, ukimwambia uzito wa kuku. Mpime: simama kwenye mizani bila kuku, kisha ukiwa naye, toa. Mizani ya jikoni ni bora zaidi. Dawa za kuchanganya kwenye maji ya kunywa, kama oksitetrasiklini ya unga, zina kasoro moja kubwa hapa, nayo ni kwamba kuku mgonjwa hanywi vya kutosha, kwa hiyo hapati dozi. Pasipo njia nyingine, mpe maji hayo peke yake, bila chanzo kingine cha maji, na umdondoshee mdomoni kila saa moja au mbili. Penisilini iliyochanganywa na prokaini ni ya ng'ombe na mbuzi. Usimchome kuku nayo kwa kukisia.

Safisha kila kitundu kwa maji ya chumvi ukitumia bomba, ml 20 au zaidi kwa kila kimoja, kisha iodini iliyozimuliwa. Kiache wazi, usikishone wala kukigundisha kwa gundi. Jeraha la meno likifungwa juu, uchafu unabaki ndani.

Ngozi imevimba na inatoa mlio laini ukiibonyeza, au jeraha linatoa povu

Hapa simamisha kila kitu kabla hujatumia maji. Mwili wa kuku una vifuko vya hewa vinavyotoka kwenye mapafu na kufika shingoni, kifuani na tumboni. Jino au ukucha ukitoboa kimojawapo, hewa inavuja chini ya ngozi. Ukisukuma maji kwenye tundu la namna hiyo unayapeleka moja kwa moja kwenye mfumo wa kupumua. Futa tu kwa shashi yenye unyevu kutoka katikati kwenda nje, paka iodini pembeni, funika kwa shashi kavu. Hewa kidogo chini ya ngozi hufyonzwa yenyewe ndani ya siku kadhaa. Ikiongezeka hadi kuku anapumua mdomo wazi, apelekwe kwa daktari wa mifugo, ambaye ataitoa kwa sindano safi.

Maji au punje zinatoka kifuani akila

Gole limetoboka, yaani ule mfuko wa chakula chini ya shingo. Dalili hii hutokea kwa waliokamatwa shingoni. Ngozi na gole ni tabaka mbili na kila moja hushonwa peke yake kwa uzi unaoyeyuka, kwa hiyo ni kazi ya daktari. Ukingoja msaada usimpe punje wala pumba, bali maji ya sukari kidogo kidogo. Tundu dogo sana linaweza kujifunga lenyewe. Tundu la kupitisha punje ya mahindi halijifungi, na kuku atakufa njaa huku anakula.

Ngozi imegeuka kijani

Wengi hukata tamaa hapa na kuchinja, wakidhani nyama imeoza. Tazama vizuri. Damu iliyovilia chini ya ngozi ya kuku huwa nyekundu mwanzoni, ikageuka kijani baada ya siku moja hivi, kwa sababu mwili wa ndege hauna kimeng'enya cha kuibadili biliverdini, ambayo ni ya kijani, kuwa ya njano kama ilivyo kwa binadamu. Kijani kisicho na harufu, kwenye ngozi kavu na yenye joto, ni damu iliyovilia. Kitafifia ndani ya siku nne au tano. Kijani au cheusi chenye unyevu, ubaridi na harufu ya kuoza ni nyama iliyokufa, na hiyo inahitaji kukatwa na mtaalamu.

Uvimbe mgumu umebaki, na kuku anakonda

Usaha wa kuku hautiririki. Chembe zake za kinga hazina uwezo wa kuuyeyusha usaha kama za wanyama wengine, hivyo unaganda na kuwa mgumu kama kiini cha yai lililochemshwa. Kuukanda kwa maji ya moto ukitarajia upasuke na kutoka ni kupoteza muda, na antibiotiki peke yake haiupenyi. Unatakiwa kutolewa: kigaga kinalainishwa kwa maji ya chumvi dakika 10, kinainuliwa, donge linatolewa zima kwa kibanio, shimo linaoshwa na kuachwa wazi lijazwe na nyama mpya kuanzia chini. Donge likiwa karibu na jicho, shingo au mshipa mkubwa, mwite mtaalamu.

Tofautisha uvimbe huu na kigaga cheusi, kikavu, kilichokaza bila harufu wala joto kali pembeni. Hicho ni kifuniko kizuri. Kibandue kwa haraka na utaanza upya.

Harufu, na kidonda kinachezacheza

Nzi hutaga kwenye damu ndani ya saa chache, na kwenye joto la pwani mayai huanguliwa ndani ya siku moja. Mayai ni vitu vyeupe vidogo vilivyoshikamana kwenye manyoya. Yakate pamoja na manyoya kabla hayajawa funza. Funza wakishaingia, osha kwa maji ya chumvi vuguvugu mengi, utoe mmoja mmoja kwa kibanio, ukirudia kila baada ya saa tatu au nne siku ya kwanza, maana wadogo hujificha ndani. Wanapenda zaidi kuzunguka njia ya haja, ambako kinyesi hulowesha manyoya.

Mafuta ya taa na oili chafu huua funza kweli, lakini huunguza nyama na kupenya mwilini kupitia kidonda. Dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe ni hatari vilevile. Kinga bora ni kumweka kuku ndani ya chandarua hadi kidonda kikauke.

Bawa linaning'inia, au hasimami

Bawa lililovunjika likunjwe lilivyo kawaida na kufungwa kwenye mwili kwa bandeji laini kwa wiki tatu, ukilifungua kila siku chache kuangalia ngozi. Usikaze kuzunguka kidari. Kuku hana kiwambo cha kifua kama chetu, anapumua kwa kuinua na kushusha kidari, na ukikikaza unamnyonga. Kidole chako kipite kwa urahisi chini ya bandeji.

Asiposimama, bana kidole cha mguu. Akiuvuta mguu na kulalamika, neva zinafanya kazi, na huenda ni chubuko la paja. Mpe siku tatu hadi tano kwenye matandiko laini, umgeuze mara kwa mara. Asipohisi chochote miguu yote miwili, uti wa mgongo umeumia, na kupona hakutarajiwi.

Shingo imepinda

Misuli iliyoumwa huvimba na kuvuta shingo upande mmoja. Kuna maumivu ukiigusa, na hali inapungua siku kwa siku. Lakini shingo iliyopinda pamoja na kutetemeka, kuhara kijani na kuku wengine kuanza kuzubaa ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Kuku mgonjwa ndiye rahisi kukamatwa, kwa hiyo vyote viwili vinaweza kuwapo. Mkague kila kuku bandani kabla ya kuamua.

Dawa za nyumbani: zipi, na zipi hapana

Asali safi isiyochakachuliwa ni nzuri kwa jeraha pana la ngozi baada ya kuoshwa: tabaka jembamba mara mbili kwa siku. Shida yake ni siafu na sisimizi. Weka miguu ya tundu analolala kuku kwenye vikopo vya maji yenye tone la mafuta. Dawa ya bluu ya kupuliza yenye oksitetrasiklini inafaa kwa majeraha ya juu juu, na ina faida ya kuficha rangi nyekundu. Isiingie machoni. Kwa jicho lililokwaruzwa tumia mafuta ya macho ya tetrasiklini ya asilimia 1.

Spiriti, Jik na majivu yasikaribie kidonda. Krimu za ganzi zenye lidokaini au benzokaini zinaweza kuwa sumu kwa ndege. Diklofenaki, ile ya kabati la nyumbani, huharibu figo za ndege. Ndiyo iliyoangamiza tai wa Asia Kusini waliokula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa nayo, na kuku pia humwua. Aspirini huchelewesha damu kuganda. Kuku anaumwa, ndiyo, na inatia uchungu kumtazama, lakini dawa ya maumivu iwe ile atakayotoa daktari wa mifugo.

Utajuaje anapona

Siku tatu za kwanza osha mara mbili. Kati ya siku ya tatu na ya tano nyama ya waridi yenye chembechembe huanza kujaza kidonda. Hapo acha iodini, tumia maji ya chumvi tu mara moja kwa siku. Jeraha pana hujifunga kwa wiki tatu hadi tano. Manyoya yaliyong'olewa huanza kuota ndani ya wiki chache, yaliyokatwa hungoja hadi kunyonyoka kwa kawaida. Kutaga husimama, wakati mwingine kwa miezi, na yai la kwanza linaweza kuja bila gamba. Akijikaza kutaga bila yai kutoka, au tumbo likijaa na kuwa zito, huenda yai limekwama au limepasukia ndani.

Usimrudishe kwa wenzake hadi ngozi ifunge kabisa. Mweke kwenye tundu la waya ndani ya banda siku mbili tatu kwanza, wamwone bila kumfikia, kisha mwachie jioni wanapopanda kulala.

Kama itabidi kuchinja

Utumbo ukiwa nje na umechanika, miguu yote haina hisia, au anahema mdomo wazi na kishungi kimekuwa bluu, kumwacha ni kumtesa. Aliyejeruhiwa sasa hivi, bado hai, hajapewa dawa, huchinjwa na kuliwa, sehemu zilizoumwa zikitupwa. Akishakufa ni kibudu, na azikwe kwa kina mbwa wasimfukue. Usile kuku aliyeng'atwa na mnyama anayeshukiwa kichaa, wala aliyekwisha anza kuoza kidonda. Akishapewa antibiotiki, nyama na mayai yake visiliwe hadi siku zilizoandikwa kwenye kibandiko ziishe, zikihesabiwa kuanzia dozi ya mwisho. Mayai ya siku hizo yafukiwe, usiwape kuku wengine.

Na kabla jua halijazama siku ya shambulio lenyewe, kagua banda. Mnyama aliyepata kuku mara moja hurudi, mara nyingi usiku uleule. Wavu wa kawaida wa kuku huzuia kuku kutoka, hauzuii mbwa kuingia, na nguchiro mdogo hupenya matundu yake. Sehemu ya chini iwe na wavu uliochomelewa wa nusu inchi, uliofukiwa sentimita 30 ardhini au kulazwa nje ya ukuta, na komeo ambalo haliwezi kufunguliwa kwa kusukumwa.